Video Iliyokwama na Suala la Kuijua Sababu

Miongoni mwa masuala ya kale ya falsafa ni lile la namna akili inavyoweza kujua kwamba jambo moja ndilo sababu ya jingine, wala si kwamba mawili hayo yamesadifiana tu kwa wakati mmoja. Suala hili, ambalo wanafalsafa wamezoea kulieleza kwa mfano wa moto na pamba, leo linamkabili kila mtu anayefungua video ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, akakuta kioo cheusi, au sauti isiyo na picha, au kiduara kinachozunguka bila kikomo. Mtu huyo hujaribu hili na lile mpaka video ikacheza, kisha husema kwamba ameijua sababu. Hoja ya makala haya ni kwamba katika hali nyingi hajaijua, kwa kuwa kuondoka kwa tatizo ni jambo moja na kuelewa chanzo chake ni jambo jingine.

Ugumu huanzia katika wingi wa mikono ambayo video hupitia. Picha na sauti hubanwa kwanza kwa kodeki, ambayo ni kanuni ya kuzipunguza ukubwa ili zisafiri mtandaoni na kuzifumua zikishafika. Mifano yake ni H.264 iliyotolewa mwaka 2003, VP9 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018. Kivinjari hupokea vipande vya sekunde chache chache, huviweka akiba, kisha hukikabidhi kila kipande kwa kichakataji kikuu au kwa kadi ya michoro ili kifumuliwe, na filamu ikiwa imefungwa kwa ajili ya haki za mwenyewe, huomba pia ufunguo kabla ya kuonyesha chochote. Zamani sehemu kubwa ya kazi hii ilifanywa na programu ya Flash, ambayo ilikoma kuungwa mkono tarehe 31 Desemba 2020. Popote mlolongo huu unapokatika, mtazamaji huona dalili zinazofanana, na dalili moja yenye vyanzo vingi haimfundishi mtu mengi.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa kilichokamilika mwaka 1095, alieleza katika mas'ala ya 17 kwamba jicho linaloona pamba ikiungua huona kuungua kunakotokea wakati wa kugusana na moto, lakini halioni kwamba kumetokea kwa sababu ya kugusana huko. Mtendaji wa kweli, kwa mujibu wake, ni Mwenyezi Mungu, moja kwa moja au kupitia malaika. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu katika karne ya 12 kwamba anayeziondoa sababu ameiondoa akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kukijua kwa sababu zake. Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti, karne kadhaa baadaye, aliikaribia hoja ya Ghazali kwa njia isiyo ya kidini, akisema kwamba uhusiano tunaoudhani hutokana na mazoea ya akili. Ubishi huu haujafungwa, na huenda hautafungwa. Hata hivyo onyo la Ghazali linamhusu moja kwa moja mtu aliyefuta kache, yaani hifadhi ya muda ya kurasa alizozitembelea, akaona video inacheza, akahukumu kwamba kache ndiyo iliyokuwa na kosa. Alichokiona ni mambo mawili yaliyofuatana.

Njia ya kutoka hapo iliandikwa na mwanafalsafa John Stuart Mill katika kitabu cha mantiki alichokitoa mwaka 1843, naye aliiita mbinu ya tofauti: hali mbili zilinganishwe ambazo zinafanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na matokeo yakitofautiana, kile kimoja ndicho sababu au sehemu ya sababu. Kanuni hii ni nyepesi kuisema na nzito kuitekeleza. Mtu akifungua video katika dirisha fiche, yaani lile la kuvinjari kwa faragha, na ikacheza, hajabadilisha jambo moja, kwa maana dirisha hilo kwa kawaida huzima viendelezi, ambavyo ni programu ndogo zilizopachikwa kwenye kivinjari, na papo hapo huanza bila kache ya zamani wala vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha ndani ya kivinjari. Vivyo hivyo, anayezima msaada wa kadi ya michoro mara nyingi hulazimika kukifunga kivinjari na kukifungua upya ili badiliko lishike, na huenda kule kukifungua upya ndiko kulikotibu. Mtafiti mwaminifu angekifunga na kukifungua kwanza bila kugusa mpangilio wowote, kisha angebadilisha mpangilio huo peke yake, na video ikishacheza angefanya jambo ambalo wengi hawako tayari kulifanya: angeurudisha mpangilio wa awali ili aone kama tatizo nalo litarudi. Lisiporudi, alichokishutumu hakina hatia iliyothibitishwa.

Hata hapo Pierre Duhem, mwanafizikia Mfaransa, angeongeza tahadhari yake ya mwaka 1906, kwamba jaribio halipimi kamwe dhana moja iliyo peke yake, bali hulipima kundi zima la dhana zinazobebana. Video inayocheza katika kivinjari cha pili inaweza isiwe video ileile, kwa sababu tovuti inaweza kukitumia kivinjari kimoja nakala ya AV1 na kingine nakala ya H.264, na ubora wa picha hupanda na kushuka kwa kufuata kasi ya mtandao. Tena si kila kukwama ni kosa: tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome kwa kawaida huzuia video zenye sauti kujianzisha zenyewe kabla mtumiaji hajagusa ukurasa, na sababu ya kimya hicho ni ile ambayo Aristotle aliihesabu kuwa ya nne, yaani kusudi.

Mtu anayetaka kumaliza somo au mawaidha kabla bando halijamwishia hana deni la kuijua sababu. Tatizo likiondoka, imemtosha. Deni huanza anapomshauri mwenzake, kwa kuwa ushauri wa kufuta kila kitu humtoa mtu katika akaunti zake zote, na pengine kwa tatizo ambalo lilikuwa la mtandao tangu mwanzo. Mshauri wa namna hiyo na aseme alibadilisha nini, alibadilisha mangapi kwa pamoja, na kama alipokirudisha alichokibadilisha tatizo lilirudi.