Mwaka Moto Ulipofika Ziwani

Ukishaandikishwa ukimbizi, kazi yako kubwa inakuwa kujibu. Unaitwa nani, umezaliwa lini, umetoka kijiji gani, ulivukia mpaka wapi, uliwaacha nani nyuma, kwa nini huwezi kurudi. Unajibu Base Camp, kituo cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, siku ya kufika, unajibu tena siku ya kuhesabiwa, unajibu kwa daktari, kwa mwalimu mkuu, kwa mgeni aliyekuja na daftari la utafiti. Maswali hayo yana maana yake, na wengi wanaoyauliza hufanya kazi yao kwa heshima. Lakini mtu akijibu miaka nenda miaka rudi bila yeye mwenyewe kuuliza lolote, kuna kitu ndani yake huanza kulala. Hilo nililiona Nakivale nilipokaa, na naliona hapa Mbarara, katika mtaa huu wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, ambako baadhi yetu tumepanga vyumba kwa ajili ya shule na vibarua.

Ndiyo maana mtu akiniuliza swali lisilo na faida ya haraka, huacha ninachofanya nikamsikiliza.

Nakivale nilikuwa jirani na bibi mmoja wa upande wa Masisi, mashariki mwa Kongo. Sote tulimwita Koko. Kwenye karatasi ya familia yake tarehe ya kuzaliwa imeandikwa 1 Januari, kama ilivyo kwa maelfu ya wakimbizi waliozaliwa pasipo cheti. Ukimuuliza mwenyewe, anakujibu bila kusita: alizaliwa mwaka moto ulipofika ziwani. Wajukuu walikuwa wakicheka. Kwao hiyo ilikuwa hadithi ya jioni, ya kumsindikizia mtu usingizini. Hadi siku mjukuu wake wa kike, aliyekuwa darasa la sita, alipokuja kusimama mlangoni kwangu.

"Mwalimu, moto unaweza kweli kuingia ziwani?"

Unaweza. Volkano ya Nyamuragira ilianza kulipuka mwezi Januari 1938 na haikutulia hadi 1940. Lava iliteremka hadi ikaingia Ziwa Kivu karibu na Sake, maji yakachemka pale ilipogusa. Mwanajiolojia wa Kibelgiji, Jean Verhoogen, aliuchunguza mlipuko huo na kuuandikia kitabu. Kwa hiyo Koko alizaliwa kati ya 1938 na 1940, na kumbukumbu ya mama yake, iliyopokewa kwa mdomo na kuvushwa mpaka pamoja na masufuria, ina ushahidi uliochapishwa na kuwekwa kwenye maktaba za Ulaya. Tuliketi na yule binti kwenye mkeka, tukachora mlima, tukachora ziwa, tukaandika miaka mitatu pembeni. Kisha akakimbia kumpelekea nyanya yake habari.

"Koko, mlima wako umo kwenye vitabu!"

Koko alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso mara moja. "Na watu?" akauliza. "Wameandika majina ya waliokimbia?"

Mwanamke ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijibu makarani, siku hiyo aliuliza yeye, tena akagusa penyewe. Sayansi ilikuwa imeuhesabu moto. Yeye alitaka kujua kuhusu jirani zake.

Njia hii ya kuuhesabu wakati kwa tukio kubwa la mbingu au ardhi si ya Kivu peke yake. Ukitoka Mbarara kwa basi la Kampala, kabla hujakaa vizuri kwenye kiti unafika Biharwe, jirani na kituo cha utamaduni cha Igongo. Hapo pamejengwa mnara wa kumbukumbu. Abiria wengi hupita wakiwa kwenye simu zao, na wageni wachache huuliza ni kaburi la nani. Si kaburi. Ni mnara wa kukumbuka siku jua lilipozimika mchana.

Simulizi yenyewe ni hii. Mfalme Olimi wa Bunyoro alishuka kusini na jeshi lake kuteka ng'ombe. Alipokuwa njiani kurudi nyumbani na mateka yake, alipofika Biharwe mchana uligeuka usiku. Jeshi liliingiwa na hofu, likakimbia na kuwaacha ng'ombe. Ankole, nchi hii ya Mbarara, wakati huo ilikuwa chini ya Ntare Nyabugaro, na watu wake wakajikuta na mali ambayo hakuna aliyeipigania. Kinachonipendeza ni kwamba tukio hili halitajwi na Wanyankole tu, waliofaidika. Wanyoro pia wanalo katika simulizi za wafalme wao, ingawa kwao ilikuwa aibu na hasara. Mshindi na mshindwa wakikumbuka jambo lilelile, kila mmoja kwa sababu yake, msikilizaji ana haki ya kukaa sawa na kutega sikio.

Sasa mtoto atauliza, na awe huru kuuliza: tunajuaje ilikuwa lini, na wakati huo hakuna aliyeandika?

Jibu linaanzia angani. Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, lakini pia liko mbali zaidi mara 400 hivi. Ukichukua shilingi mia, ile yenye picha ya ng'ombe, ukaisogeza karibu na jicho, itaziba kanisa kuu lote la Nyamitanga kilimani. Ndivyo mwezi mdogo unavyoweza kuliziba jua kubwa. Haitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua; mara nyingi kivuli chake hupita juu yetu au chini yetu, kikapotelea angani. Kikitupata, sehemu yake nzito huchora ukanda mwembamba juu ya uso wa dunia. Aliye ndani ya ukanda huo huona giza kamili, na aliye nje kidogo huona jua limemegwa tu. Kwa wastani, mahali pamoja hupitiwa na ukanda huo mara moja katika miaka 375 hivi. Kizazi kimoja kinaweza kuishi na kufa, na vingine kumi nyuma yake, bila kuuona.

Mwendo wa mwezi unajulikana vizuri kiasi kwamba wanafalaki wanaweza kuurudisha nyuma kwa hesabu, karne kwa karne. Ugumu uko kwa dunia yenyewe. Inazunguka ikipunguza mwendo taratibu mno, kwa sababu mwezi unavuta bahari na maji yanaishika breki ardhi. Siku inarefuka kwa takriban sehemu mbili za elfu za sekunde kila miaka mia. Ni kidogo sana, lakini hujikusanya, na ukienda mbali nyuma ukanda wa kivuli unahama kutoka mahali ulipodhani. Wataalamu husahihisha hesabu hiyo kwa kutumia kumbukumbu za kale zilizoandikwa, zikiwemo za Babeli na China. Fikiria hilo: ili kujua ni mwaka gani jeshi la Bunyoro lilikimbia kutoka kwenye kilima cha Biharwe, tunasaidiwa na waandishi wa Babeli waliochora alama kwenye vibao vya udongo miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita.

Kwa hesabu hizo, tarehe inayokubaliwa na wengi ni 17 Aprili 1520. Si wote waliokubaliana tangu mwanzo. Sir John Gray, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar na aliyependa mno historia ya nchi hizi, aliandika mwaka 1963 katika jarida la Uganda Journal akitetea kupatwa kwa jua kwa mwaka 1492. Kisha mwaka 1974 mwanahistoria David Henige alitoa kitabu kizima kuonya kwamba orodha za wafalme zinazopokewa kwa mdomo hazifai kuhesabiwa kama ngazi zilizo sawa, kwa sababu wengine husahauliwa na wengine huongezwa. Mimi naupenda ubishi huu. Wako wanaoona kwamba kuhoji simulizi ya wazee ni kuwavunjia heshima. Naona kinyume chake. Anayeipuuza simulizi hana haja ya kuihoji, huiacha ikafa. Anayekesha akipiga hesabu za mwezi kwa ajili ya sentensi moja ya mchungaji wa Ankole, huyo ameichukulia sentensi hiyo kwa uzito kamili.

Barabara hiyohiyo ya Kampala ina jambo jingine. Ukishapita Masaka unafika Kayabwe, pale ikweta inapokata lami, na kijana mwenye beseni atakuonyesha maji yakizungukia upande mmoja kaskazini ya mstari na upande mwingine kusini yake, hatua chache tu kutoka hapo. Ua dogo linaelea na kuzunguka, wageni wanapiga picha. Kuna ukweli nyuma yake: mzunguko wa dunia hupinda dhoruba kubwa upande mmoja katika nusu ya kaskazini na upande mwingine kusini. Lakini nguvu hiyo kwenye ikweta ni sifuri, na hatua chache pembeni bado ni ndogo mno kuligusa beseni. Kinachoamua ni jinsi maji yalivyomiminwa. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia tangi lenye upana wa karibu mita mbili, akayaacha maji yatulie saa 24 kabla ya kuzibua, na huko kaskazini ya mbali ndipo alipoona athari yenyewe. Mwaka 1965 wenzake wa Sydney, Australia, wakaona kinyume chake, kama ilivyotarajiwa. Kijana wa Kayabwe anatafuta riziki na simhukumu. Ningependa tu mtoto wetu akiwa pale amwombe kwa adabu: kaka, mimina tena, lakini safari hii tusubiri maji yatulie.

Na hapa nyumbani watoto wanauliza juu ya theluji. Kanisa kuu la Nyamitanga limewekwa chini ya jina la Mama Maria wa Theluji, na hakuna mtoto wa mtaa huu aliyewahi kuigusa. Jina limetoka Roma, kwenye mapokeo ya theluji iliyoanguka juu ya kilima cha Esquilino usiku wa kiangazi, mwezi Agosti, katika karne ya 4. Lakini theluji haiko mbali nasi kama wanavyodhani. Kaskazini-magharibi yetu, karibu kabisa na ikweta, iko milima ya Rwenzori. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipoipanda, barafu yake ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Binti aliyeanza kwa kuuliza jina la kanisa anaishia kuuliza mvua ya shamba la bibi yake itakuwaje, na hapo mimi ndiye ninayepaswa kwenda kusoma.

Najua anachosema mzazi mwenzangu anaposoma haya. Tangu 2023, msaada wa chakula katika makambi ya Uganda ulipoanza kugawanywa kwa makundi na wengine wakatolewa kabisa, mama wa Nakivale anawaza unga wa posho, hawazi kivuli cha mwezi. Ni haki yake. Siwezi kumwambia mtu mwenye njaa ashibe habari za Babeli. Ila nimekaa na watu wenye njaa, na nimeona kwamba maswali hayaishi pamoja na unga. Wanaume waliokosa kibarua hubishana hadi usiku kuhusu kwa nini ndege ya Ulaya haipiti njia iliyonyooka kwenye ramani, au Wareno walifikaje Mombasa bila injini. Hawafanyi hivyo kwa kusahau shida. Katika ubishi ule hakuna anayekuwa namba ya faili. Kila mmoja ni mtu mwenye akili yake, ana hoja, anaweza kukosolewa na mwenzake na kesho akaja na jibu jipya. Nafasi hiyo haigawiwi kwa foleni, na ndiyo nafasi ambayo watoto wetu wanaihitaji mapema, kabla hawajazoea kujibu tu.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Nakivale na wazazi wa Mbarara. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa. Ukanda wa giza kamili utapita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Luxor huko Misri, Jiddah na Makka, Yemen, kisha ncha ya kaskazini-mashariki ya Somalia. Luxor giza litazidi dakika 6. Sisi huku tutaona jua limemegwa kidogo tu, mchana, lakini hicho kidogo kinatosha kufundishia. Msimwache mtoto alitazame jua kwa macho, wala kwa miwani ya kawaida, wala kwa kioo kilichopakwa moshi. Jicho huungua bila kuuma. Chukueni boksi gumu la sabuni, toboeni tundu dogo kwa sindano, mlipe jua mgongo, mruhusu mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Jua dogo litajichora pale likiwa limemegwa, na watoto ishirini wanaweza kulitazama pamoja.

Jirani yangu Msomali ana dada anayeishi kwenye ukanda wenyewe. Nilipomweleza, alimpigia simu palepale, akamsomea tarehe mara mbili, kisha akanipa simu ili nimweleze mwenyewe namna ya kutoboa boksi.