Kazi Tatu, Mto Mmoja

Huku kwetu Nakivale, mtu mwenye kazi tatu tunamhurumia. Asubuhi yuko ziwani na nyavu, mchana anapiga picha za harusi, jioni anazunguka kumtafutia mgeni chumba cha kupanga. Tunasema, "Maskini, anahangaika huyo. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse tatu!" Lakini tukisikia mtu wa Marekani ana kazi zizo hizo, ghafla tunamwita mwenye akili. Kwa nini? Mimi naona tunahesabu tu kazi, hatuulizi zinamdai nini mwenye nazo.

Tuchukue mji wa Missoula, jimbo la Montana, ambako Wakongomani wenzetu walianza kupokelewa mwaka 2016. Mito ya Clark Fork, Bitterroot na Blackfoot inakutana karibu na mji huo, na watu wanatoka mbali kuja kuvua trauti. Hawatumii nyavu. Wanafunga manyoya na nyuzi kwenye ndoano mpaka ifanane na mdudu, halafu wanairusha juu ya maji. Mara nyingi samaki akinaswa anarudishwa mtoni. Ndiyo, anarudishwa! Mteja analipa ili apelekwe na mtu anayeujua mto. Lakini baridi ikiingia, wateja wanapungua na mashua inapumzika. Basi si ajabu mwongoza wavuvi akiuza pia nyumba na kupiga picha. Tumbo halina msimu.

Ukitazama vizuri, kazi zote tatu zinauza kitu kimoja: mahali. Mwongozaji anauza ujuzi wa mahali, mpiga picha anauza uzuri wake, na dalali, au komisioneri kama tunavyosema kwetu, anauza mahali penyewe. Mteja aliyefurahi kwenye mashua ananunua picha, na aliyependa picha anauliza bei ya nyumba kando ya maji. Hapo sioni dhambi. Riziki ni riziki.

Ugumu ni kwamba kazi hizo zinavutana. Ya kwanza inataka mto utulie. Ya pili inautangaza. Ya tatu inajaza nyumba kwenye kingo zake. Na bei zikipanda, anayehama kwanza si tajiri. Ni mpangaji: mfagizi wa hoteli, mkimbizi aliyefika juzi.

Watu wa Montana waliliona jambo hili angalau upande mmoja. Sheria yao ya mwaka 1985 inawapa watu wote haki ya kutumia mto mpaka alama ya maji yanapofika yakijaa, hata kama ardhi ya pembeni ina mwenyewe. Nunua nyumba, weka uzio wako, lakini mvuvi anayepita ndani ya mto humfukuzi, mradi hakukatiza uwanjani kwako. Yaani kuna kitu ambacho dalali hana ruhusa ya kukiuza.

Lakini sheria haiwezi kufika kila mahali. Hapa Uganda mkimbizi anapewa kiwanja cha kukaa na kulima, si cha kuuza, na bado madalali wapo. Picha inaonyesha mlango mpya, paa linalovuja halionekani. Mgeni ametoka Kivu na watoto wanne, analipa kodi ya miezi mitatu. Mvua ya kwanza inaponyesha, maji yako mpaka kwenye godoro.

Dalali wa kawaida anaweza kusema, "Sikujua." Mwenye kazi tatu hawezi. Yeye ndiye aliyepita hapo na mtumbwi wakati wa mafuriko. Yeye ndiye aliyechagua pembe ya kupigia picha. Mvuvi aliye ndani yake anajua maji yanafika wapi, sasa dalali aliye ndani yake atajificha wapi? Kila kazi unayoongeza inakuongezea jicho, na jicho likishaona limeshaona. Ndiyo maana nasema kazi nyingi si aibu wala si ujanja. Ni deni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jirani yetu mwenye kamera, nyavu na funguo za vyumba vya watu tuache kumhurumia. Tumheshimu, tena tumdai. Akituonyesha chumba, tumuulize kama mvuvi: "Mvua ikinyesha hapa, inakuwaje?"