Majani ya Mtini



Padre ametuomba tuandike neno juu ya ununuzi, maana siku za Kipaimara na arusi zimekaribia na nyumba nyingi zinahesabu fedha za nguo na mapambo. Tumekubali, ingawa sisi wenyewe si mfano mwema. Mwaka 1979, tukiwa Chuo cha Ualimu, tuliweka akiba ya posho miezi mitatu tukanunua viatu vya raizoni, soli zake ndefu kama matofali. Jumapili ya kwanza mvua ilitukuta njiani kwenda Misa. Soli moja ilibaki matopeni, nasi tukaingia kanisani tukichechemea kama kuku aliyevunjika mguu. Wenzetu walicheka, tukacheka nao, mambo yakaisha.

Lakini kuna ununuzi usioishia katika kicheko. Bweni lile lile lilikuwa na sabuni za magendo, za kuchubua ngozi, na sisi tulinunua tupate kuwa weupe kidogo. Fedha zilikwisha kabla sabuni haijatudhuru sana. Hatukuacha kwa hekima.

Siku hizi ni mkorogo. Muuzaji huchanganya mafuta ya makopo mawili matatu, akayatia katika kikopo kisicho na jina. Ualimu hauachi mtu, basi mtuvumilie tueleze. Mara nyingi ndani yake mna zebaki, au haidrokwinoni, au dawa za steroidi ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa na kwa muda maalumu. Zebaki huizuia ngozi isifanye rangi yake, lakini haikomei hapo. Huingia mwilini na kuharibu figo. Haidrokwinoni ndiyo ile iliyotumika kusafishia picha nyeusi na nyeupe katika chumba cha giza. Mtu akijipaka kwa muda mrefu inaweza kumwachia mabaka meusi usoni, yaani weusi mbaya kuliko ule alioukimbia. Madaktari wa Afrika ya Kusini walieleza madhara hayo mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi. Na juu ya zebaki, mataifa ya Mkataba wa Minamata yalikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Kikopo kisicho na jina hakisomi mikataba.

Yupo dada mmoja kati yetu, naye ametupa ruhusa tuandike bila kumtaja. Alianza mkorogo miezi michache kabla ya arusi yake. Uso ulipotakata, ni nani waliomsifu mlangoni mwa kanisa? Ni sisi. Tulimshika mkono tukamwambia, "Bibi arusi, sasa umependeza!" Kana kwamba tangu ubatizo wake hakuwa amependeza. Alirudi dukani akaongeza kikopo cha pili, na kwa haki tungesema nusu ya bei tulilipa sisi kwa ndimi zetu.

Kisha mabaka yakatoka mashavuni, na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi. Siku moja, tukitoka mazoezi ya kwaya, mtu akasema maneno yale ya mtaani, uso Fanta, mikono Coca-Cola. Tulicheka. Alikuwa nyuma yetu.

Tangu siku ile hakukaribia Meza ya Bwana. Sisi tulidhani amekwazika na ndoa, au amehamia kwa walokole. Sababu ilikuwa nyepesi na nzito: anayepokea Mwili wa Bwana hunyosha mikono mbele ya watu.

Tunaposoma Mwanzo sura ya tatu, huwa tunakimbilia nyoka na laana. Safari hii tazameni nguo. Adamu na Hawa walipoona aibu walijishonea majani ya mtini. Hilo ndilo vazi la kwanza lililofanywa na mtu, na halikufaa kitu. Jani la mtini likikauka hupukutika, tena walikuwa nalo na bado wakajificha. Mungu aliwauliza, akawahukumu, wala hakuficha kosa. Lakini katika mstari wa ishirini na moja, kabla hajawatoa bustanini, aliwafanyia mavazi ya ngozi akawavika yeye mwenyewe. Hatusomi kwamba aliwacheka kwa majani yao.

Basi tulikwenda kwake Alhamisi moja baada ya sala ya jioni, watu watatu. Tulichukua khanga na nauli. Tulitaka kuanza na sala, lakini ilitubidi kwanza tuombe radhi, na si rahisi mwalimu mzee kuomba radhi kwa mtoto aliyemfundisha kusoma. Alinyamaza muda mrefu. Baadaye akatutolea kikopo, naye mmoja wetu akamsindikiza hospitali. Daktari alikiona, akampima figo, na akamwambia asijipake kitu kingine cha kuficha mabaka mpaka arudi kwake. Mwenye kikopo cha namna hiyo nyumbani asikitupe kwa aibu; aende nacho hospitali vile vile.

Jumapili iliyopita alikuja amejitanda ile khanga, akakaa kati yetu, safu ya tatu. Wakati wa Ekaristi hakuinuka bado. Mmoja wetu akabaki naye kwenye benchi.