Je, Pori Halina Mwenyewe?

Ukitembea kwa miguu kutoka Ifakara kushuka bondeni wakati wa kiangazi, utapita katikati ya matete kwenye kimya cha kutisha. Mara waona miembe mikubwa imesimama mstari mmoja. Twasema, "Hili ni pori tu." Lakini miembe haijipangi yenyewe. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha wengi katika Ulanga na kuwakusanya pamoja kwa ajili ya malale. Nyumba za udongo huanguka, miti hubaki. Leo twatafuta mashamba huko. Je, aliyeondolewa amepoteza haki yake? Sidhani. Kabla ya kuinua jembe, tuwaulize wazee: nani alipanda, na makaburi yako wapi?