Heshima ya Sanamu Isiyo na Mwenyewe

Kanisa lilikwisha kulijibu swali la sanamu zamani. Mwaka 787, baada ya zaidi ya nusu karne ya ugomvi na watawala wa Konstantinopoli waliokuwa wakiharibu picha takatifu, maaskofu walikutana Nikea wakakubaliana kwamba heshima inayopewa picha haibaki kwenye ubao wala rangi. Humwendea yule aliyechorwa. Hoja hiyo nimewafundisha watoto wa kipaimara hapa Sumbawanga tangu nikiwa mwalimu kijana. Jirani yangu wa Katandala ndiye aliyenilazimisha kuifuata hadi mwisho wake, na sababu ilikuwa mwanasesere wa plastiki.

Mwanasesere huyo nilitumiwa na mtoto wa kaka yangu aliyeko Marekani, pamoja na mfano mdogo wa chombo cha anga. Vyote ni vya Star Trek, tamthilia ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa kule Septemba 1966 na kukoma 1969. Chombo kinaitwa Enterprise: mbele kina sahani ya duara, nyuma mirija miwili iliyoinuliwa. Mwanasesere ni mwanamke mweusi mwenye gauni jekundu fupi, ofisa wa mawasiliano, jina lake Uhura, lililotokana na uhuru wetu huu huu. Aliyeigiza ni Nichelle Nichols. Niliviweka juu ya kabati la vyombo, karibu na Bikira Maria wa plasta niliyemrithi kwa mama.

Mji wetu una sifa nchi nzima kwa hadithi za uchawi. Mtu mdogo asiyejulikana, juu ya kabati la mjane, lazima aulizwe habari zake. Jirani yangu ni mlokole na hana maneno ya kuzunguka.

"Mwalimu, hata yule wa plasta mimi sijamkubali, lakini najua ni mama yake Yesu. Huyu je?"

Nikamwambia ni mtu wa hadithi, hajapata kuishi. Akacheka.

"Basi hiyo heshima inakwenda kwa nani, na mwenyewe hayupo?"

Ningeweza kujitetea kwamba ni pambo tu. Lakini namfuta vumbi, namgeuza atazame mlangoni, namsimulia kwa wageni. Kitu ukikitunza hivyo umekwisha kukiheshimu, hata kama hukipigii magoti. Swali lake lilistahili jibu.

Jibu nalianzia kwenye mifano ya Yesu. Msamaria mwema hana kaburi wala ukoo, kwani ni mtu wa simulizi. Hata hivyo wachoraji wamemchora karne kwa karne, na hakuna anayesema heshima yake inapotelea hewani. Inamwendea yeyote atakayesimama njiani kumwinua aliyepigwa. Maana yake ni kwamba mwenye sanamu si lazima awe amekwisha kupita. Anaweza kuwa bado hajafika.

Uhura naye alikuwa hivyo. Alipoketi kwenye kiti chake mwaka 1966, sheria ya kulinda kura za Wamarekani weusi ilikuwa na mwaka mmoja tu. Nichols alisimulia kwamba alitaka kuacha kazi ile, Martin Luther King akamsihi abaki. Baadaye, miaka ya 1970, NASA ilimtumia kuwahimiza wanawake na watu weusi waombe nafasi za uanaanga. Na binti mmoja aliyekulia Chicago akimtazama kwenye televisheni, Mae Jemison, alikuja kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, Septemba 1992. Mwenyewe amesema Uhura alimtia hamu. Heshima ilizunguka miaka 26 ikampata mwenyewe.

Wafua chuma wa zamani wa Ufipa wangenielewa upesi. Malungu yao, zile tanuri za udongo zinazompita mtu kimo, mabaki yake yangalipo huku kwetu. Kabla ya kuwasha moto walifukia dawa ndani yake, wakaitendea tanuri kama bibi harusi. Chuma kilikuwa bado. Walikiheshimu kingali tumboni. Anayeuliza heshima ile ilikwenda wapi, alitazame jembe.

Lakini heshima inaweza kukwama njiani. Nyoka wa shaba aliundwa na Musa kwa amri ya Mungu, watu wakamtazama wakapona. Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia alimvunja, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Nyoka alikuwa yule yule. Heshima ndiyo iliyogoma kwenda mbele, ikaishia kwenye shaba.

Ndiyo maana sikumsikiliza mpwa wangu aliponipigia simu: "Shangazi, usifungue boksi, thamani itashuka." Wakusanyaji wa vitu hivi hulipa zaidi kwa boksi ambalo halijaguswa. Hapo ndipo naona harufu ya uvumba: kitu kinakaa gizani, hakimpi mtoto yeyote ndoto, kinangoja bei ipande. Nilifungua. Wajukuu wameruka na Enterprise mpaka mrija mmoja ukavunjika, nikaugundisha.

Bikira wangu wa plasta naye simpi msamaha katika kipimo hiki. Nikimfuta vumbi kila Jumamosi, kisha nikapita mlango wa jirani mgonjwa bila kubisha hodi, nimemgeuza nyoka wa shaba kwa mikono yangu.

Jirani bado hamkubali hata mmoja kati ya hao wawili, na sina ugomvi naye; swali lake ni bora kuliko majibu mengi niliyosikia. Nawe msomaji, ukitazama kilichosimamishwa kabatini kwako, usiishie kuuliza ni sanamu ya nani. Uliza heshima unayoipa inamfikia nani. Kama haimfikii mtu, Hezekia amekwisha kukuonyesha la kufanya.