Gari Hung'aa kwa Kupunguzwa

Kizuri chajiuza, na mwenye gari Arua analijua hilo. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, lakini mengi yanayokuja bado ni mitumba kutoka Japani. Hufika na makovu yake, nasi tunaongeza yetu: usukani wa bodaboda uliopita karibu mno sokoni, miiba ya njia za vijijini Ayivu, mtoto aliyeandika jina lake kwa kidole juu ya vumbi. Lami ya kwenda Koboko imetupunguzia vumbi, ila ukiiacha tu, muramu unakupokea.

Anayeanza kupiga polishi hudhani dawa hujaza mkwaruzo. Sivyo. Juu ya rangi kuna tabaka angavu, mafundi huliita klia, na kwa kawaida ni jembamba kuliko unywele. Dawa ina chembe ngumu zinazolikwangua mpaka pembeni mwa mkwaruzo palingane na chini yake. Hakuna kilichoongezwa. Kila mng'ao umelipiwa kwa klia.

Ndiyo maana fundi mzuri haanzi na dawa. Huosha gari kwanza, maana punje moja ya muramu chini ya tambara huchora mikwaruzo mipya. Hulivuta kivulini bodi ipoe, kisha hupitisha kucha juu ya mkwaruzo, polepole. Kucha isiponasa, husugua. Ikinasa, humwambia mwenye gari: "Mzee, huu umeshuka chini. Nikiufuata, nitamaliza klia."

Kazi ngumu kwa mwanafunzi ni kuacha. Mchovya asali hachovyi mara moja. Akiona pameng'aa, hurudia tena na tena, hasa kwenye kingo za milango, ambako rangi huisha upesi.

Nasi tunaporekebishana nyumbani tuna pupa hiyohiyo. Mtoto amekosa, ameonywa, ameelewa. Bado tunamrudia mbele ya wageni, tukitaka asibaki na doa. Heshima yake nayo ni tabaka jembamba, na kila karipio la ziada huipunguza.

Kwa hiyo, ndugu unayeanza, pima kwa kucha kabla ya kusugua. Mkwaruzo wa juujuu uondoe. Uliozama mpelekee fundi rangi, au uache ulivyo. Gari lenye kovu moja bado ni gari zuri. Lililomalizwa klia huliwa na jua.