Aya na Kauli ya Sheikh

Mwaka 1932, mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah. Aliwataka Waislamu wa pwani wazipime mila zao kwa Qurani na Sunna.

Si wote waliopendezwa. Nyingi ya mila hizo walizipokea kwa masheikh waliowaheshimu. Lakini Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani, alikwisha kuagiza kauli yake iachwe ikigongana na hadithi sahihi.

Mwaka 1969, tafsiri kamili ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja, Qurani Takatifu, ikachapishwa. Asiyejua Kiarabu akaweza kuisoma maana ya aya mwenyewe. Hata hivyo, Farsy aliambatanisha maelezo yake, na hayo ni ya mwanachuoni: msomaji ana haki ya kuyaulizia dalili.